Uzi Uliokuwa Mkobani

Hapa Lodwar wananiita mama wa maswali. Msichana akija kwangu kutolewa ndevu kwa uzi, kabla sijamgusa namuuliza: zilianza lini? Zinamea upesi kuliko mwaka jana? Siku zako unaziona kila mwezi? Sauti yako ndiyo hii ya kila siku? Kifuani je? Mama zao huchoka. Juzi mmoja alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akaniambia, "Mama, wewe ni kinyozi ama ni polisi? Mtoe nywele twende." Nikamwambia ampeleke kwa vinyozi wa wanaume kule sokoni, wale hawaulizi kitu. Akaketi. Mimi sibembelezi mtu, na kwa umri huu sitaanza.

Wengi wao hawana neno. Ni maumbile tu. Mama anazo, shangazi anazo, na mimi mwenyewe ninazo mbili tatu chini ya kidevu zilizonikaidi tangu nizae. Hao nawatoa, nawapaka poda, wanajitazama kwenye kioo wanacheka, wanaenda zao. Lakini mara moja moja huja mtoto ambaye majibu yake hayanipendezi, na huyo namkatalia mpaka daktari amwone kwanza, tena amwone na ndevu zake zote usoni. Atalia. Mama yake atanitukana njia nzima hadi darajani. Wacha watukane. Yupo mmoja niliyemng'arisha kwanza ndipo nikampeleka, na habari yake sijawahi kuisimulia yote.

Nilikuwa metroni wa shule moja ya bweni ya wasichana huko Kakuma. Mimi ni Mtaita niliyekulia Mombasa, na kazi ya uzi nilijifunza kwa majirani, wale wamama waliokuwa wakiitwa kumtengeneza bibi harusi. Nilikuja Turkana nikidhani nitakaa miaka miwili, nimezeekea huku. Shuleni pale tulikuwa na wasichana wa kila namna: Waturkana wa Lopur na Kaaleng, na wa kambi ya wakimbizi, Wasomali, Wakongo, wa Sudan Kusini. Kazi yangu ilikuwa magodoro, homa, sodo, upele na ugomvi wa ndoo.

Huyu ninayemsema alitoka Lokiriama, mpakani na Uganda, kidato cha pili. Mama yake alifariki yeye akiwa wa kubebwa, akalelewa na nyanya yake, mama mzee wa mbuzi na ngamia wachache, macho yameshaanza kuingia kiza. Mtoto alitaka kuwa daktari wa mifugo. Alilisema hilo kama mtu anayekwambia kesho ni Jumanne, na hesabu zake zilikuwa za kumfikisha.

Nilimjua kwa sababu ya sweta. Jua la Kakuma, saa nane mchana, hata mbuzi wamejibanza chini ya miti ya mathenge, na huyu amevaa sweta ya shule, kola ameivuta hadi midomoni. Nikamfokea. "We! Unataka kuiva? Vua hiyo!" Akavua, lakini mkono ukapanda kidevuni ukakaa hapo hapo. Walimu walidhani anaumwa jino.

Wenzake walijua. Walimwita Chifu. Akipita kwenye foleni ya chakula, mmoja anasema, "Simameni, Chifu anapita," na foleni nzima inasimama wima kama inasubiri bendera. Niliwasikia, nikadhani ni utani wa mapenzi, maana mtoto alikuwa mrefu na mpole. Mimi na ujuaji wangu.

Siku moja nikaingia stoo ya magodoro kutafuta ufagio, nikamkuta amechutama pembeni, kipande cha kioo amekibana kati ya magoti, na mkononi ana kibano cha chuma, kile wachungaji huning'iniza shingoni cha kutolea miiba. Kidevu kizima kilikuwa damu. Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilianza na kelele, ndivyo nilivyo. "Chuma shuleni? Unataka kumchoma nani?" Nikamnyang'anya, mkono wake ukapanda kidevuni. Akaniangalia. Akautoa mkono kidevuni, mara ya kwanza mbele yangu, akasema, "Najichoma mimi mwenyewe, mama. Hii ndevu inamea tu. Isipoisha, mimi narudi kwa mbuzi. Mbuzi haicheki mtu."

Nilimkalisha kwenye godoro nikamwosha kwa maji ya chumvi. Ngozi ilikuwa imejaa vipele na makovu, mengine yana usaha, na hakutoa hata chozi moja. Mimi ndiye niliyelia, nikisingizia vumbi la magodoro.

Jumamosi yake nilikwenda kambini kwenye duka la Msomali nikanunua uzi mweupe wa cherehani. Nikamkalisha kwenye ngazi ya stoo, kichwa kimelala mapajani mwangu. Uzi unausokota katikati, ncha moja unaibana kwa meno, nyingine vidoleni, halafu unaufungua na kuufunga juu ya ngozi, na unywele unang'oka na mzizi wake. Mara ya kwanza mtu hulia na kupiga chafya kwa pamoja. Nilipomaliza nikampa kioo. Alijitazama upande huu, akajitazama upande ule, akakirudisha. Jumatatu nikamwona darasani bila sweta, amenyoosha mkono kujibu swali.

Haikuchukua mwezi, ngazi ile ikawa baraza. Kumbe wengi walikuwa na lao. Msomali mmoja alikuwa na sharubu nyepesi alizozificha kwa ushungi. Mkongo mmoja akapiga kelele kutoka bwenini, "Mama, niko nakuya, usifunge!" akaja mbio na shavu moja limepakwa dawa ya meno, eti ameambiwa inaua nywele. Mwingine alijipaka krimu ya kung'arisha hadi mdomo ukaungua. Niliwagombeza wote, nikawatoa wote. Niliwaambia, "Mwanamke kuwa na ndevu si laana wala si uchawi. Ni damu ya ukoo." Nikishaubana uzi menoni siwezi kusema, basi wao ndio wakasema: habari za nyumbani, za mama aliyebaki ng'ambo, za mwalimu anayenuka jasho. Nadhani ndicho kilichowaleta, mimi kunyamaza. Na jina la Chifu likafa lenyewe. Wote walikuwa wamelala mapajani mwangu, nani amcheke nani?

Yule wa Lokiriama aliniomba jambo moja tu. "Usiambie mtu hii yangu, mama. Hata mwalimu. Hata daktari. Sema unatoa za wengine." Nikamwapia. Nilijiona mtu wa maana sana, mwenye siri ya mtoto.

Mwanzo nilimtoa mara moja kwa wiki mbili, kama wenzake. Baadaye ikawa kila Jumamosi. Ikafika Jumatano na Jumamosi. Zikapanda mashavuni, zikashuka shingoni, nyeusi na ngumu, na siku moja akafungua kifungo akanionyesha kifuani. Nikatoa na hizo. Mkono wangu ulikuwa umeshakuwa mwepesi, sikuacha hata mmoja, na nikimaliza najisifu: "Mtafute fundi kama mimi hadi Nairobi." Sikujiuliza mbona za wenzake ziko pale pale na zake zinakimbia.

Halafu sodo. Zilikaa stoo kwangu, na kila msichana alikuja kuchukua zake mwezi ukifika. Yeye hakuja mwezi wa kwanza, hakuja wa pili, wa tatu nikamwita. Sisi mametroni tuna hofu moja tu, na hofu hiyo ni mimba. Nikamshika mkono hadi zahanati, akapimwa mkojo, hana. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale pale mbele ya watu, nikamnunulia soda baridi. Hofu yangu ilikwisha, na akili yangu ikalala hapo. Mtoto wa watu hajaona siku zake miezi mitatu, na mimi namnunulia soda.

Nyanya yake alikuwa akipiga simu kwangu, kupitia jirani mwenye simu kule Lokiriama. Kiturkana changu ni cha kuombea maji, lakini nilikuwa nakaa karibu nikiwasikiliza. Siku hiyo mtoto alishika simu akasalimia, "Ejok, nyanya," na kule upande wa pili kukawa kimya. Kisha mama mzee akauliza kitu kwa ukali. Mtoto akacheka, akanitafsiria. "Anauliza huyu mwanaume ni nani. Anasema nimpatie mjukuu wake." Nikachukua simu nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, kwamba ni mafua, mama, vumbi ni jingi. Mama mzee akasema, "Hapana. Hiyo si mafua." Nilikata simu nikicheka. Mtoto alikuwa ameacha kucheka.

Mwanamke asiyeona vizuri, yuko mbali huko, alisikia kwa dakika moja. Mimi nilikuwa na uso ule mapajani mwangu mara mbili kwa wiki.

Muhula wa pili ukielekea mwisho akaanza kulalamika tumbo, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Zahanati ikampa dawa, hazikufaa. Mwalimu mkuu akasema nimpeleke Lodwar kwenye kliniki, apimwe vizuri. Asubuhi ya safari, gari la shule limeshawashwa, mtoto akanijia stoo na mkono kidevuni. Ndevu zilikuwa za siku tatu. "Mama, daktari ni mwanaume. Nitoe kwanza."

Mlango wa stoo ile nilikuwa nimebandika karatasi kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa, kwa ajili ya wale wanaoficha upele hadi bweni zima linajikuna: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Tuliketi chini ya karatasi hiyo. Dereva anapiga honi, mimi nimebana uzi menoni, natoa. Kidevu, mashavu, shingo, mpaka chini kwenye kola. Nikampaka mafuta kidogo na poda. Akawa laini kama yai. Nikamwambia, "Sasa hata ukiolewa na daktari huyo sawa," akanipiga kikofi cha mkononi kwa aibu, tukapanda gari.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, sina lawama naye hata chembe. Aliuliza maswali yaliyompasa. Mtoto hakutaka kusema mbele yake kwa sababu ya ile sauti, akaniangalia, nami nikamsemea kila kitu. Siku zake anaona? Nikasema zimechelewa, lakini hana mimba, tumepima. Alimbonyeza tumbo, akaandika dawa za vidonda vya tumbo, akasema zikiisha bila nafuu arudi apigwe picha. Kisha akaweka kalamu chini, akamtazama mtoto uso kwa uso, uso ambao nilikuwa nimeufuta mimi, akauliza, "Kuna kitu kingine kimebadilika mwilini mwako? Chochote?"

Mtoto akanishika mkono chini ya meza. Nikakumbuka kiapo changu.

"Hakuna, daktari," nikasema.

Akanibana vidole kunishukuru. Njia nzima ya kurudi Kakuma alilala begani kwangu, na mimi nilikuwa na furaha. Nalisema kwa sababu ni kweli. Nilikuwa na furaha kwamba hakuaibika.

Shule zikafungwa. Nilimrudishia kile kibano cha miiba, nikampa na dawa zake, nikamwambia zikiisha kama bado anaumwa anipigie. Hakupiga. Nilisikia baadaye kwamba nyumbani alizidiwa hata kuinua mkono kukawa taabu, akawa analala ndani amejifunika shuka, ndevu zinamea zinavyotaka. Nyanya yake akamletea maziwa, akamwinua kichwa amnyweshe, na vidole vikapita kidevuni. Mama mzee akampapasa uso wote, polepole, mashavu, shingo, akashuka hadi kifuani. Kesho yake alfajiri aliuza mbuzi, akampakia kwenye lori, akaja naye Lodwar mwenyewe, yeye ambaye alikuwa hajafika Lodwar miaka na miaka.

Nilipigiwa simu, nikapanda gari kutoka Kakuma siku hiyo hiyo. Niliwakuta hospitalini, wadini. Mama mzee ameketi sakafuni, shanga zimempanda shingo hadi masikioni, mkono mmoja juu ya kitanda. Na kitandani palikuwa na mtoto wangu, mashavu yameingia ndani, tumbo limepanda, na ndevu nyeusi za mwanaume mzima. Nilikuwa sijawahi kuziona zikiwa hivyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyehakikisha hazionekani.

Daktari wa safari hii alikuwa mwanamke. Aliniita kando. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Akaniambia kuna uvimbe kwenye tezi ndogo inayokaa juu ya figo, na ndio uliokuwa ukimmwagia mwilini homoni za kiume: ndevu, sauti, siku kupotea. Ukikutana na msichana ndevu zimemjia mbio namna hiyo, alisema, ndicho kitu cha kwanza cha kutazama. Nikamwambia habari ya uzi, akaniuliza nilikuwa namtoa mara ngapi. Nikasema wiki mbili, halafu wiki, halafu siku tatu. Akaniuliza, "Na mlipokuja kliniki, walimwona nazo?"

"Nilikuwa nimemtoa asubuhi ile," nikasema.

Nikamuuliza, kama wangeona siku ile, angepona? Alitazama karatasi zake muda mrefu. Akasema, "Pengine." Angesema ndiyo ningejua kulia, angesema hapana ningejua kushukuru. Hilo pengine sijajua la kulifanya hadi leo.

Walimpeleka Eldoret, wakamfungua, wakamfunga. Uvimbe ulikuwa umeshaingia kwenye ini. Maji yalikuwa yamezidi unga. Wakamrudisha Lodwar awe karibu na kwao, na mimi, shule zikiwa zimeshafunguliwa, nikaomba ruhusa shuleni nikahamia kwenye benchi la wadi.

Nikaapa. Pale pale kwenye benchi niliapa kwa Mungu kwamba sitaugusa tena uzi usoni mwa mtu. Uzi wenyewe ulikuwa mkobani, chini ya leso, nilikuwa nimeubeba kwa mazoea kama mtu anavyobeba funguo. Sikuutupa. Niliogopa hata kuushika.

Siku ya Alhamisi akapata nguvu kidogo, akaketi, akanywa uji. Nikamwambia nina habari nzuri: Jumamosi darasa lake zima linakuja na gari la shule, mwalimu mkuu amekubali. Nilidhani atafurahi. Akaupandisha mkono kidevuni. Ule mkono nilikuwa sijauona pale tangu asubuhi ya safari ya kliniki.

"Mama," akasema na ile sauti nzito, "uko na uzi?"

"Nimeuacha Kakuma."

"Si ununue? Sokoni iko."

"Hapana, mwanangu. Uzi ndio uliotuponza. Madaktari lazima waone."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu mzima anayesema jambo la kitoto. "Daktari wameshaona, mama. Hiyo imeisha. Hii sasa ni yangu. Wakija, wanione tu hivi vile walinijua."

Nikasema hapana. Nilimwambia atulie, asijichoshe, wenzake wanampenda alivyo, nikamwambia maneno yote yale mazuri ambayo watu huyasema wakiwa hawataki kutenda. Nyanya yake alikuwa ameketi chini kando ya kitanda hapo, anasikiliza. Alikuwa na Kiswahili kidogo tu, lakini neno uzi alilijua, na Kakuma aliijua.

Jumamosi wakaja, thelathini na kitu, wamevaa sare safi, wamebeba maua ya karatasi waliyoyakata wenyewe. Aliposikia viatu vyao ukumbini alivuta shuka hadi chini ya macho. Wakazunguka kitanda. Yule Mkongo alianza, "Dada, tumekuya," halafu akashindwa. Mtoto hakuitika. Hakutaka wamsikie sauti, hakutaka wamwone uso, akafumba macho akajifanya amelala, na mimi nilikuwa naona kope zinacheza. Wakaimba wimbo mmoja wa kanisani kwa sauti ya chini wasimwamshe, wakaweka maua miguuni, wakaondoka wakinyata. Kutoka dirishani niliwaona wanalia uani, wanashikana. Hawakuagana naye. Hawajui hadi leo kwamba alikuwa macho.

Nilirudi kitandani. Shuka lilikuwa limelowa kwenye macho. Nikamwita, hakunijibu. Hakunijibu jioni ile wala Jumapili yote. Si kwa hasira, hakuwa mtoto wa hasira; alikuwa amegeukia ukuta tu, shuka limefika puani.

Alikufa Jumatatu, saa nne asubuhi, wauguzi wanapeana zamu ya chai.

Mama mzee hakupiga kelele. Alivua shanga zake, kamba moja baada ya nyingine, akaziweka sakafuni lundo zima, na shingo yake ikabaki nyembamba, ya rangi nyingine kabisa, kama ya mtu nisiyemjua. Muuguzi alitaka kumfunika mtoto uso, mama mzee akamzuia mkono. Akatoa kile kibano cha miiba kwenye nguo. Akapanda kitandani, akakiweka kile kichwa mapajani mwake, akaanza. Alikuwa hauoni unywele, anautafuta kwa kidole, anaubana, anauvuta. Mwingine. Mwingine. Kwa namna ile angechukua siku mbili, na watu wa kumbeba walikuwa wameshasimama mlangoni.

Basi nikafungua mkoba. Nikatoa leso, nikatoa uzi, nikaukata kwa meno. Kuusokota nikashindwa mara mbili. Nikasogea, nikainama, na ncha ya uzi ikamgusa mama mzee mkononi. Akaacha kibano. Akaushika ule uzi kwa vidole vyake viwili, akaupapasa kutoka kwake hadi kwangu, mpaka alipofika menoni mwangu.

"Kumbe ulikuwa nayo," akasema.

Nilikuwa nimeubana uzi, sikuweza kumjibu. Akasogea kidogo kunipisha nafasi, nami nikaanza kidevuni.